Samuel Insull: muuzaji wa umeme aliyekufa na franka chache mfukoni

Hapa Bukavu kila mtu anajua umeme unatoka wapi: unatoka kwenye mto Ruzizi. Wachache wanajua unapita katika mikono ya nani mbele ya kufika kwenye konteri ya nyumba. Kati ya barrage na taa kuna mwenye kununua umeme kwa jumla, mwenye kuusafirisha, na mwenye kuuza kwa rejareja. Kwa miaka mingi kazi hizo nyingi zilikuwa mikononi mwa SNEL peke yake. Tangu sheria ya tarehe 17 Juni 2014, mlango umefunguliwa: sosiete binafsi inaweza kuomba ruhusa ya kuzalisha umeme, kuusafirisha, kuuingiza nchini, kuutoa, na hata kufanya biashara tu ya kuuza.

Biashara hiyo ya katikati si mpya duniani. Mtu aliyeikuza zaidi kuliko wote mbele yake alikuwa Samuel Insull, mwenye jina ambalo leo wengi wamelisahau. Maisha yake yanafaa kujulikana, kwani alishusha bei ya umeme kwa watu wadogo, kiisha watu wadogo haohao wakapoteza akiba yao ndani ya sosiete zake.

Plantoni wa London

Insull alizaliwa London, Uingereza, tarehe 11 Novemba 1859. Baba yake alikuwa mtu wa dini aliyepinga sana pombe, na nyumbani pesa haikuwa nyingi. Masomo ya kijana yalikatika akiwa na miaka 14. Akaingia ofisini kama plantoni, kazi ya kubeba barua na kutumwa huku na kule. Usiku alijifunza hati mkato, yaani kuandika haraka kwa alama, kusudi apate kazi nzuri zaidi.

Hati mkato ndiyo iliyomfungulia njia. Mnamo 1879 alipata kazi kwa mwakilishi wa Thomas Edison pale London. Edison ndiye yule Mmarekani aliyetengeneza taa ya umeme ya kutumika nyumbani. Kijana alisoma kila karatasi iliyopita mezani, mpaka akaijua biashara ya Edison kuliko watu wengi waliokuwa Marekani kwenyewe.

Tarehe 28 Februari 1881 alishuka kwenye meli New York, akiwa na miaka 21, ili awe katibu wa Edison mwenyewe. Edison alikuwa na akili ya kuvumbua, lakini vitabu vya pesa vilikuwa vinamshinda. Insull alishika barua, madeni na mikopo, hata kumnunulia patro wake nguo. Tarehe 4 Septemba 1882, kituo cha umeme cha Pearl Street kilianza kuwasha sehemu ndogo ya New York, na Insull alikuwa ndani ya kazi hiyo tangu mwanzo.

Mwaka 1886 Edison alihamisha kiwanda chake cha mashine kwenye mji wa Schenectady. Insull akakisimamia. Wafanyakazi walikuwa kama 200 alipoanza. Walifika karibu 6,000 mbele hajaondoka.

Kuacha mshahara mkubwa

Mwaka 1892 mabenki yaliunganisha sosiete ya Edison na mpinzani wake, ikazaliwa General Electric. Insull alipewa nafasi kubwa ndani yake, mshahara wa dola 36,000 kwa mwaka. Akaikataa. Alichagua kwenda Chicago kuongoza sosiete ndogo ya umeme kwa dola 12,000, theluthi moja ya ile pesa. Alikopa dola 250,000 kwa tajiri mmoja wa Chicago, Marshall Field, kusudi anunue sehemu katika sosiete hiyo.

Wengi walimwona kama mjinga. Chicago ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja, lakini waliotumia umeme hawakufika 5,000. Sosiete za umeme zilikuwa zaidi ya 20, kila moja na mashine yake ndogo na waya wake, wakati mwingine katika barabara ileile. Umeme ulikuwa kitu cha hoteli, cha maduka makubwa na cha matajiri. Watu wa kawaida walikuwa wanawasha gesi au mafuta.

Insull aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga unga hapa Kadutu. Mwenyewe ameinunua kwa deni. Ikifanya kazi saa tatu kwa siku, deni ni lile lile. Ikifanya kazi saa kumi na tano, deni ni lile lile pia, lakini kila kilo ya unga inabeba sehemu ndogo ya deni hilo. Umeme ni hivyohivyo, tena vikali zaidi, sababu huwezi kuuweka ghalani. Taa zote zinawaka saa moja ya jioni, na mitambo lazima itoshe kwa saa ile. Saa nne za asubuhi mitambo hiyo inalala, na riba ya benki hailali.

Kwa hiyo kazi yake ikawa kutafuta wateja wa saa ambazo wengine hawatumii. Aliuza umeme kwa tramu za mji, kwa viwanda vya mchana, kwa watengeneza barafu wakati wa joto. Aliwapa bei ya chini. Watu walishangaa mbona anauza chini hivi. Kumbe kila mteja wa mchana alikuwa anamsaidia kulipa mashine ambayo ingelala bure.

Konteri ya Brighton

Mwaka 1894, akiwa Uingereza, Insull alifika mji wa Brighton ulio kando ya bahari. Aliona maduka madogo yanawasha taa nyingi usiku, hata yale yaliyofungwa. Akauliza namna gani wanaweza kulipa. Jibu lilikuwa katika konteri mpya ya injinia mmoja wa pale, Arthur Wright. Konteri hiyo haikupima tu umeme uliotumika. Ilipima pia kiasi kikubwa zaidi ambacho mteja anaomba kwa mara moja.

Insull aliipeleka Chicago na kubadilisha fakture. Sehemu ya kwanza ililipia mitambo inayosimama tayari kwa ajili ya mteja. Sehemu ya pili ililipia umeme wenyewe, na hiyo ilikuwa rahisi. Mtu akitumia zaidi, bei ya kila kipimo inashuka. Mpaka leo sosiete nyingi za umeme duniani zinahesabu hivyo kwa viwanda.

Alinunua washindani wake mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1903 kituo chake cha Fisk Street kiliwasha tabini ya mvuke ya megawati 5, kubwa sana kwa wakati ule. Wenye kuitengeneza walikuwa na wasiwasi. Insull alikubali kubeba hatari pamoja nao. Mwaka 1907 sosiete zake za mji ziliunganishwa kwa jina la Commonwealth Edison. Alisambaza pasi za umeme kwenye nyumba ili wateja wazijaribu, kwani mwenye pasi anatumia umeme mchana. Bei ikashuka mara nyingi, na taa ikaingia kwenye vyumba vya wafanyakazi.

Kiisha akatoka nje ya mji. Karibu na mwaka 1910, katika wilaya ya Lake County, aliunganisha vijiji vidogo kwa waya mmoja mrefu. Vijiji vile vilikuwa na mashine ndogo za kuwaka jioni tu, au havikuwa na kitu. Kwa kuvifunga pamoja na kituo kikubwa, vilipata umeme mchana na usiku. Hapo wazo la mtandao wa jimbo lilionyesha faida yake.

Aliyeomba asimamiwe

Mwaka 1898, Insull alisimama mbele ya wakubwa wa sosiete za umeme za Marekani akatoa pendekezo lililowakasirisha wengi. Alisema umeme haufai kuuzwa na sosiete kumi katika mtaa mmoja, kila moja ikichimba shimo lake na kusimamisha nguzo zake. Eneo moja lipewe muuzaji mmoja. Lakini kwa sababu huyo hana mshindani, Serikali iwe na tume ya kufungua vitabu vyake na kupanga bei kufuatana na gharama za kweli.

Mwaka 1907 majimbo ya Wisconsin na New York yaliunda tume za namna hiyo, na Illinois, jimbo la Chicago, ikafuata. Majimbo mengine mengi yaliiga. Kwa maneno mengine, mtindo ambao sisi tunauita monopoli ya umeme chini ya usimamizi ulipata nguvu kutoka kwa mfanyabiashara mwenyewe.

Kwa Insull mpango huo ulikuwa na faida mbili. Watu walilindwa na bei ya kupanda ovyo. Na yeye, mwenye eneo lililolindwa, alipata mikopo ya benki kwa riba ndogo, sababu benki zilijua mteja hawezi kumkimbia.

Shida ni kwamba msimamizi alizoea kukaa karibu na msimamiwa. Mwaka 1926, mwenyekiti wa tume ya Illinois, Frank Smith, aligombea kiti cha Seneti huko Washington. Insull alimpa zaidi ya dola 100,000 za kampeni. Mtu wa kuchunguza bei za Insull alikuwa anapokea pesa ya Insull. Smith alishinda uchaguzi, lakini Seneti ilikataa kumkalisha.

Orofa juu ya orofa

Mwaka 1912 Insull aliunda Middle West Utilities. Sosiete hiyo kazi yake ilikuwa kushika hisa za sosiete nyingine za umeme. Juu yake zikaja nyingine za kushika hisa za zile zinazoshika hisa. Namna yake ilikuwa hivi: ukiwa na nusu ya hisa na kidogo zaidi katika sosiete ya juu, unaiamuru, yenyewe ikiwa na nusu na kidogo ya ile ya chini, unaiamuru hiyo pia. Ukipanda orofa nne au tano, pesa kidogo ya mtu mmoja inatawala mali kubwa ya watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kundi la Insull lilikuwa linauza umeme katika majimbo zaidi ya 30, na yeye alikuwa mwenyekiti wa makumi ya sosiete.

Hii haikuwa bindo kama ile wazee wanayoikumbuka ya mwaka 1991. Mitambo ilikuwa ya kweli, waya ulikuwa wa kweli, umeme ulifika. Lakini ile orofa ya juu ilikula kwa zile za chini. Sosiete za juu ziliuzia sosiete za chini ushauri, vifaa na mikopo, na gharama hiyo ilirudi ndani ya fakture ya mwenye nyumba. Tume ya jimbo iliona vitabu vya sosiete ya chini tu.

Tena kulikuwa na tundu kubwa la sheria. Mwaka 1927, Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kesi ya umeme uliouzwa kwa jumla kutoka jimbo la Rhode Island kwenda mji wa Attleboro, jimbo la Massachusetts. Ikaamua kwamba tume ya jimbo haina ruhusa ya kupanga bei ya umeme wa jumla unaovuka mpaka. Serikali ya Washington nayo haikuwa na sheria ya kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo umeme ukivuka mpaka, hakuna aliyepanga bei yake.

Hisa ziliuzwa kwa watu wa kawaida. Wafanyakazi wa sosiete walipita mlango kwa mlango, na mteja aliyekuja kulipa fakture aliuzwa hisa. Walimu, wajane na wafanyakazi wa treni waliweka humo akiba ya maisha, wakijua Insull hajawahi kushindwa.

Kuanguka

Mwaka 1929, siku chache baada ya soko la hisa la New York kuanguka, Chicago ilizindua jumba kubwa la opera lililojengwa chini ya uongozi wa Insull. Mwenyewe hakuamini kwamba hali itakuwa mbaya kwa muda mrefu. Akaendelea kukopa. Mwaka 1930 alimnunua mpinzani mmoja, Cyrus Eaton, aliyekuwa anakusanya hisa za sosiete zake. Bei ilikuwa dola milioni 56, na sehemu kubwa ilikuwa deni.

Rehani ya deni hilo ilikuwa hisa zenyewe. Hisa zilipoendelea kushuka, mabenki yaliomba rehani zaidi, mpaka hakukubaki kitu cha kuweka. Mwezi wa Aprili 1932 Middle West iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Mwezi wa Juni, Insull, akiwa na miaka 72, alitia sahihi za kuacha vyeo vyake kwenye sosiete zote, karatasi baada ya karatasi, akaondoka kwenda Ulaya.

Watu mamia ya maelfu walibaki na karatasi zisizo na bei. Taa za Chicago hazikuzimika: sosiete za chini, zile zenye mitambo na wateja, ziliendelea kufanya kazi. Kilichoanguka ni zile orofa za juu, na ndizo zilizokuwa zimebeba akiba ya wengi.

Insull alishtakiwa. Alikimbilia Ugiriki, akaa pale zaidi ya mwaka. Mwaka 1934 alitoka kwa meli, akakamatwa Istanbul na kurudishwa Marekani. Mwezi wa Novemba baraza la wazee wa mahakama lilichukua kama saa mbili tu kumwona hana hatia ya udanganyifu. Kesi mbili nyingine zilifuata. Zote mbili akaachiliwa. Wengi walikubali kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepoteza kila kitu pamoja na waliomwamini.

Tarehe 16 Julai 1938, moyo wake ulisimama ndani ya stesheni ya metro ya Paris. Mfukoni mlikuwa franka chache tu. Aliacha deni la mamilioni ya dola na urithi wa dola kama 1,000. Akazikwa London, mji aliokuwa plantoni.

Kilichobaki nyuma yake

Sheria zake zilizaliwa kabla ya kifo chake. Mwaka 1935 Marekani ilibomoa zile orofa: kundi la umeme liliamriwa kuwa rahisi na la kuonekana. Sheria ya mwaka huohuo ilipa tume ya Washington uwezo wa kusimamia bei ya umeme wa jumla unaovuka mipaka ya majimbo. Lile tundu la Attleboro likazibwa.

Kwa muda wa karibu miaka 60 mambo yalikaa hivyo. Mwaka 1992 sheria mpya ilianza kufungua soko la jumla. Ndipo walikuja wauzaji wa aina nyingine: wafanyabiashara wasio na barrage, wasio na waya, wasio na mteja wa nyumbani. Wananunua umeme huku, wanauza kule, na wanachukua faida katikati. Ni komisioneri wa umeme. Akifanya kazi vizuri, anasaidia: anatafuta aliye na umeme wa ziada, anamkutanisha na mwenye njaa, na anaweza kuahidi bei moja kwa miaka, yeye akibeba hatari ya kupanda na kushuka.

Akikosa wa kumwangalia, mambo ni mengine. California ilifungua soko lake mwaka 1998. Mwaka 2000 na 2001 bei ya jumla ilipanda vibaya, na delestaje ikaingia katika jimbo moja la tajiri zaidi duniani. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafanyabiashara, pamoja na wale wa sosiete ya Enron, walicheza na soko ili bei ipande. Sosiete kubwa ya kusambaza umeme kaskazini mwa California iliomba ulinzi wa mahakama mwezi wa Aprili 2001, sababu ilinunua ghali na kukatazwa kuuza ghali. Enron yenyewe ilifilisika tarehe 2 Desemba 2001, na akiba ya wafanyakazi wake ikaenda nayo.

Na Ruzizi?

Sisi watu wa Kivu tunaishi tayari na umeme unaovuka mipaka. Ruzizi II, iliyoanza mwaka 1989, ni ya SINELAC, sosiete ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. SINELAC haimuuzii mama wa Bagira. Inauza kwa jumla kwa sosiete za taifa, na hizo ndizo zinazomfikia. Ruzizi III, ya megawati 206, imepangwa pamoja na wawekezaji binafsi. Goma, mbali na SNEL, kuna sosiete binafsi kama Virunga Energies na Nuru, na kartie nyingine zimeona tofauti ya kuwa na zaidi ya muuzaji mmoja.

Sheria ya 2014 iliweka pia msimamizi, mamlaka ya ARE, na kugawa madaraka kati ya Serikali kuu na majimbo. Swali ambalo maisha ya Insull yanaliacha kwetu si kama muuzaji binafsi ni mzuri au mbaya. Yeye alikuwa vyote viwili, na vilevile alikuwa mtu yuleyule. Bei ilishuka wakati tume ilipoweza kufungua vitabu vyake. Akiba za watu ziliungua pale ambapo vitabu vilikuwa juu ya orofa ambayo tume haikuifikia, au ng'ambo ya mpaka ambao haikuweza kuvuka, au wakati mkubwa wa tume alikuwa amekula mezani pake.

Mteja wa Ibanda, Kadutu au Bagira anayo haki ya kuuliza mambo hayo mapema, mikataba ikiwa bado inaandikwa: umeme huu umenunuliwa kwa bei gani kwa jumla, nani ameruhusu bei ya rejareja, na yule aliyeruhusu analipwa na nani. Wenye akiba ndani ya sosiete za Insull waliuliza mwaka 1932, na wakati ule majibu hayakurudisha hata dola moja.